Kwa Mangi au supamaketi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye maduka ya mtaani

Majibu haya ni kwa wenye maduka ya rejareja ya mtaani, yale ambayo Dar es Salaam yote yanaitwa "kwa Mangi" hata kama mwenyewe ni Mpemba au Mkinga. Nimekulia nyuma ya kaunta ya duka la namna hiyo kule Kimara, na leo nina langu. Wanaoniuliza ni wa aina mbili: anayetaka kuanza, na aliyeona bango la supamaketi likipandishwa barabarani akakosa usingizi.

Supamaketi imefunguliwa karibu na dukani kwangu. Nifunge?

Usifunge. Mwezi wa kwanza wateja wako watakwenda kushangaa. Watapigwa na kiyoyozi, watasukuma kile kitoroli, watoto watanunuliwa aiskrimu. Usinune wakipita mbele yako na mfuko wenye nembo ya wenzako. Wasalimie kama kawaida, maana usiku huohuo watakuja kufuata kiberiti.

Kuna mauzo utayapoteza na hayatarudi: mchele wa mfuko wa kilo tano, nepi za pakiti kubwa, sabuni ya unga ya ndoo, juisi za boksi. Punguza mtaji uliolala kwenye vitu hivyo na uupeleke kwenye vile wasivyoviweza wao. Viko vingi.

Bei zao ziko chini. Mteja atabakije kwangu?

Kwanza hakikisha kama kweli ziko chini. Nenda na kalamu. Supamaketi hushusha bei ya vitu vichache ambavyo kila mama anazijua bei zake kichwani: sukari, unga, mafuta ya kula. Faida wanaifidia kwenye vikombe, losheni, jibini na biskuti za kutoka nje, ambavyo hakuna anayekumbuka alivinunua shilingi ngapi mara ya mwisho.

Lakini hata kama sukari yao iko chini kweli, haikai kwenye mizani moja na ya kwako. Saa moja kasorobo jioni anakuja mtoto wa miaka minane, kandambili za mama yake miguuni, noti ameikunja mpaka imekuwa kama ndonya. "Shikamoo Mangi. Mama amesema sukari robo, mafuta ya mia tano, na kiberiti. Chenji nimletee." Mkononi ana kichupa cha soda cha kuwekea hayo mafuta. Huyu ungempeleka supamaketi gani? Chupa ndogo kabisa ya mafuta kule inazidi pesa yote aliyopewa, na nyumbani sufuria iko jikoni.

Hapo ndipo biashara yetu ilipo. Mtaa wetu unaishi kwa pesa ya siku: fundi rangi, mama ntilie, kijana wa bodaboda, kibarua wa saiti. Pesa inaingia jioni na kutumika jioni. Kwa kila gramu wanalipa zaidi kuliko mwenye gari anayejaza buti mwisho wa mwezi, na wanalijua hilo vizuri, usidhani hawajui hesabu. Ila mwenye mia tano hachagui kati ya mafuta ya mia tano na mafuta ya lita. Anachagua kati ya mafuta ya mia tano na kula chukuchuku.

Kwa upande wako hesabu iko hivi, kwa bei za mfano tu maana sukari haikai na bei moja. Mfuko wa kilo 50 umeununua 130,000. Ukiuza kilo kwa 2,800 unapata 140,000, faida 10,000. Ukipima robo kwa 750, robo 200 zinakupa 150,000, faida 20,000. Toa vifungashio, toa inayomwagika, toa ule mkono wa huruma unaozidisha kidogo, unabaki kwenye kumi na tano au kumi na sita. Kupima ni kazi, na ujira wake ndio huo.

Sharti moja: mizani iwe na muhuri wa Wakala wa Vipimo na isichezewe. Mtaani kuna mama mwenye mizani ya kuuzia dagaa. Siku robo yako ikipimwa kwake ikakosa gramu ishirini, hutaitwa kwenye kikao chochote, utaona tu duka limepoa.

Nikopeshe wateja au nibandike "Leo taslimu, kesho mkopo"?

Bandika, na uendelee kukopesha. Kile kibandiko ni cha kumkatalia usiyemjua.

Mkopo ndio kitu ambacho supamaketi haiwezi kukiiga. Yule mtunza fedha kwenye mashine hajui kwamba mume wa Mama Pili analipwa tarehe 5, au kwamba fundi wa nyumba ya bluu anadai saiti ya Mbezi wiki ya pili sasa. Wewe unajua. Ujuzi huo ni mali, uutumie kwa adabu.

Ninavyofanya mimi: kila mtu ana kikomo kichwani mwangu, na hakuna anayekiona. Naandika mbele yake na kumsomea: "Mama Pili, mchele nusu, maharage robo, jumla elfu mbili mia tatu, pamoja na la juzi elfu nne mia moja." Simkopeshi mtu nisiyeweza kumdai, hata akiwa na shida ya kweli. Mjumbe, mchungaji, mwenye nyumba wangu, hao nawapa zawadi ndogo ikibidi, deni hapana. Na wa karibu sana na familia nawaandika vilevile, kwa sababu baba yangu hakuwaandika.

Kuna jambo ambalo anayeanza halijui. Deni likikaa sana linakuondolea na mteja pia. Anadaiwa elfu saba, anaona haya, anaanza kupita njia ya nyuma ya msikiti. Siku hiyo umepoteza elfu saba, na pia mkate wake wa kila asubuhi kwa mwaka mzima. Baba alikuwa na mteja wa hivyo, fundi cherehani. Siku moja alimfuata kwake, akamwambia, "Bwana, lile deni nimelifuta, rudi dukani." Mama alinuna wiki nzima. Fundi akarudi, na baada ya miezi michache akalilipa bila kuulizwa. Sikuambii ufanye hivyo kwa wote. Daftari langu lina majina mawili ambayo nikiyafutia watanicheka.

Mtaji ukikata nikope wapi?

Kila mahali isipokuwa kausha damu. Mkopo wa marejesho ya kila siku, kwa riba ile, unakula faida ya rejareja kabla haijazaliwa. Nimeona duka likifungwa huku rafu zina bidhaa, kwa sababu kila jioni pesa ya kununulia mzigo ilikuwa inakwenda kwenye rejesho.

VICOBA ni sawa. Mchezo wa wenye maduka wenzako ni bora zaidi, mradi usipokee wa kwanza na kuhama mtaa. Na kuna mali kauli: mwenye duka la jumla anakupa katoni kumi, unauza, unampelekea chake Jumamosi. Ukiwa mwaminifu miezi sita, mtaji wako ni jina lako.

Wenye supamaketi wana mtaji usioisha. Si watatusubiri tu tufe?

Mali kauli ninayoisema hapo juu ndiyo wanayoishi nayo wao, tofauti ni idadi ya sifuri. Supamaketi inachukua bidhaa kwa wasambazaji leo, inaziuza wiki hii kwa taslimu, na kulipa baada ya siku 60 au 90. Kwa miezi hiyo inazungusha pesa ya watu. Mauzo yakiwa mazuri ni utamu mtupu. Yakiyumba, wasambazaji wanaacha kuleta, rafu zinabaki na safu moja mbele ili nyuma pasionekane patupu, na hapo safari imekwisha.

Tuhesabu waliopita hapa kwetu. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Uchumi, ya Kenya pia, ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda mwaka 2015. Nakumatt, ile iliyomnunua mwenzake, ikaelemewa na madeni ya wasambazaji na wenye majengo, ikafunga huku na kwao, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifilisiwe. Game, iliyokuwa Mlimani City, iliondoka mwaka 2022. Katika miaka hiyohiyo duka la baba yangu lilihama mara moja, kupisha upanuzi wa barabara.

Sisemi wote watakwenda hivyo. Zipo supamaketi za wenyeji Masaki, Mikocheni na kwingineko ambazo zimesimama miaka na zinajua wateja wao ni nani. Ila wengi walikuja na hesabu ya Johannesburg au Nairobi, wakapanga eneo kubwa kwenye jengo la kifahari, wakasubiri watu wenye magari. Wenye magari wapo, lakini nyanya wananunua barabarani wakiwa kwenye foleni.

Mbona Kenya supamaketi zimeshamiri?

Kenya ni habari nyingine na tuiangalie vizuri, maana inaweza kuja huku. Naivas imepita matawi mia moja, Quickmart inafungua hadi kwenye mitaa ya makazi, na Carrefour ilianza mwaka 2016 pale The Hub, Karen. Wenzetu wana watu wa mshahara wa mwezi wengi zaidi mijini, na supamaketi zao zimejifunza kukaa pale matatu inaposhusha abiria.

Kinachonifurahisha ni zilikoanzia. Jina la Nakumatt limetokana na Nakuru Mattresses, duka la magodoro. Tuskys na Naivas nazo zina asili upande huohuo wa Nakuru, zimeanza kwa duka dogo la familia. Kwa hiyo anayekutisha leo, jana alikuwa anapima sukari kama wewe.

Na kule nako hazikuchanua zote. Tuskys ilianza kufunga matawi mwaka 2020 kwa madeni. Shoprite iliingia mwaka 2018 na mwanzo wa 2021 haikuwepo. Mwanzoni mwa 2023 lilipofunguliwa duka la China Square pale Unicity, nje kidogo ya Nairobi, wafanyabiashara wa mjini waliandamana kwa sababu ya bei zake. Duka lilifungwa kwa muda, kisha likaendelea.

Wanaoumia zaidi na ukubwa wa supamaketi mara nyingi ni wanaoziuzia. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni inayoendesha Carrefour nchini humo faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 za Kenya, kwa kutumia vibaya nguvu yake ya ununuzi dhidi ya wasambazaji wawili, mmoja wa mafuta ya kula na mwingine wa asali. Ukisikia bei ya chini mahali, uliza nani ameilipia.

Serikali inatulinda?

Kwa sehemu. Julai 2025 ilitoka amri ya Waziri wa Viwanda na Biashara inayowakataza wasio raia kufanya biashara 15, ikiwemo jumla na rejareja. Kariakoo walishangilia. Soma maneno yote lakini: supamaketi zimeachwa nje ya katazo hilo. Amri inamgusa mgeni mwenye duka kama lako, haimgusi mgeni mwenye jengo la ghorofa tatu.

Binafsi sitegemei sana ulinzi wa namna hiyo. Wazee wanakumbuka mwaka 1976, Operesheni Maduka ilipofunga maduka ya watu binafsi vijijini ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ujamaa. Yalifuata maduka ya kaya na foleni za sabuni. Mkono uliofunga duka la Mhindi kwa makofi ya wanakijiji ulifunga na la Mswahili.

TRA je? Wao si wanalipa zaidi yetu?

Wanalipa, na risiti inatoka kila bidhaa inapopita. Wewe kuwa na TIN na leseni, lipa makadirio yako kwa awamu, na ukifika kiwango cha mashine ya risiti ya EFD inunue kabla hujafuatwa. Usajili wa VAT unakuwa lazima mauzo yakifika milioni 200 kwa mwaka. Ukifika huko, nitafute mimi nikuulize umefanyaje.

Lipa namba ina faida gani kwa duka dogo?

Kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mteja ambaye pesa yake iko kwenye simu alikuwa anakwenda kuitoa kwa wakala na kuimalizia hukohuko. Pia inamaliza ugomvi wa chenji, huna haja tena ya kumpa mtu pipi mbili badala ya shilingi mia. Ila usiangalie picha ya ujumbe kwenye simu ya mteja. Subiri ujumbe uingie kwenye yako.

Kuwa wakala ni bora zaidi, kwa sababu kamisheni ni ndogo lakini anayekuja kutoa pesa anatoka na maji ya kunywa. Float, yaani pesa ya uwakala, na mtaji wa duka viwe droo mbili tofauti. Ukichanganya, jioni moja mteja atataka kutoa laki mbili, utampa ya kununulia unga.

Hizi programu za simu zinazoleta mzigo mpaka dukani ni za kuamini?

Zitumie, usizitegemee. Zinakuokolea nauli ya Kariakoo na siku ya kufunga duka. Lakini Copia ya Kenya, iliyowafikia wateja kwa kupitia maduka madogo, iliwekwa chini ya msimamizi Mei 2024, na Wasoko, nayo ya kuletea maduka mzigo, iliungana na MaxAB ya Misri mwaka huohuo. Zile punguzo za mwanzo zilikuwa pesa za wawekezaji, zikiisha bei inarudi. Usimkate mwenye duka lako la jumla kwa ajili ya ofa ya wiki tatu. Dereva wa kirikuu anayekuletea mzigo kwa ahadi ya "utanipa kesho" hayumo kwenye programu yoyote.

Nitoe nondo na wavu mteja aingie ajichukulie mwenyewe?

Inategemea mtaa na inategemea una macho mangapi. Wavu unalinda mali, lakini mteja hanunui asichokiona; anakuja na orodha kichwani, anaitaja, anaondoka. Njia ya kati: wavu ubaki, taa iwe kali, vitu vipya viwe usawa wa macho, na bei zibandikwe. Bei kubandikwa peke yake ni mapinduzi. Kuna watu wanaona haya kuuliza bei, hasa wakiwa na mgeni, na supamaketi inawavuta kwa hilo tu.

Nifungue saa ngapi?

Kabla ya mkate kufika. Nafungua saa kumi na moja na nusu, nafunga saa nne usiku, na Ramadhani naacha dirisha moja kwa ajili ya daku. Ukichoka, mtafute msaidizi unayemlipa vizuri. Msaidizi asiyelipwa hujilipa.

Mifuko?

Ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Uza ile mbadala, usiitoe bure.

Nataka duka langu liwe mini-supamaketi. Nianzie wapi?

Anzia kwenye LUKU. Friji mbili za vinywaji, la maziwa, taa na feni: piga hesabu ya umeme wa mwezi kabla ya hesabu ya rangi ya ukuta. Kisha uangalie mteja wako. Kama nyumba za mtaa wako zinajazwa na watu wa mshahara, wenye friji na gari uani, basi nenda, umechelewa hata. Kama bado ni vyumba vya kupanga vyenye milango sita kwenye korido moja, nenda polepole, rafu moja ya kujihudumia karibu na kaunta.

Jirani yangu hakwenda polepole. Alivunja ukuta, akaweka vioo, vigae vyeupe, mashine ya risiti, na kijana wa mlangoni wa kukagua mifuko. Mlango ukawa unafunguka wenyewe. Watoto walipenda mlango, mama zao waliogopa vigae. Unaingiaje na miguu ya vumbi kununua sukari ya robo, na robo yenyewe haipo, kila kitu kimefungwa kwa kilo? Alivumilia miezi minne. Siku moja nikapita nikakuta fundi ubavuni mwa jengo anatoboa ukuta, dirisha la futi mbili hivi. Ndani yake kukawekwa stuli, mizani, ndoo ya mafuta yenye pampu, na mdogo wake. Juu wakaandika kwa chaki: *Vocha. Sukari kupima. Mkate nusu.* Foleni ya jioni iko pale dirishani.